Kabla ya simu kulikuwa na barua: Mpasuaji wa kijijini alipokwama miaka 250 iliyopita alimuuliza nani?

Leo daktari wa hospitali ya wilaya akikwama na mgonjwa, anatoa simu mfukoni. Anapiga picha ya eksirei, anamtumia bingwa aliye mjini, na kabla chai haijapoa jibu limeshaingia.

Miaka 250 hivi iliyopita huko Uskoti, mwenzake aliyekwama alikuwa na kalamu ya unyoya, karatasi na farasi wa posta. Aliandika habari za mgonjwa tangu alipoanza kuugua, akaifunga barua kwa lakiri, kisha akaituma mjini Edinburgh kwa mtu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyo, na huenda asimwone kamwe.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa William Cullen, profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na mmoja wa madaktari waliosifika sana Ulaya katika zama zake. Barua alizopokea na nakala za majibu yake, maelfu kwa jumla, bado zimehifadhiwa na chuo cha kifalme cha madaktari wa mji huo. Tangu 2015 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma.

Kwa nini basi mtu aliyezoea kushika kisu amwandikie mtu wa mbali aliyezoea kushika kitabu? Na mgonjwa alifaidika nini?

Mpasuaji hakuwa 'daktari'

Siku hizi daktari wa upasuaji ni bingwa anayeheshimika kuliko wengi hospitalini. Katika karne ya 18 mambo yalikuwa kinyume.

Daktari alikuwa mtu wa chuo kikuu. Alijua Kilatini, alikuwa na shahada, na kazi yake ilikuwa kufikiri, kutaja ugonjwa na kuandika dawa. Kwa kawaida hakugusa kidonda.

Mpasuaji alikuwa fundi. Alijifunza kazi akiwa kijana, akikaa miaka kadhaa nyumbani kwa mpasuaji mzee kama mwanagenzi. Alitoa damu, alitibu majipu, aliunga mifupa na kukata miguu iliyooza. Yote hayo bila dawa ya usingizi, maana ilikuja kutumika hadharani kwenye upasuaji mwaka 1846.

London, wapasuaji walikuwa katika chama kimoja na vinyozi tangu 1540, na walitengana nao mwaka 1745 tu. Alama ya historia hiyo ipo hadi leo: nchini Uingereza mpasuaji bado huitwa 'Bwana' badala ya 'Daktari', na wengi wao wanajivunia.

Lakini huko vijijini mgawanyo huo ulikuwa mgumu kufuata. Daktari mwenye shahada hakupatikana kirahisi, na aliyekuwepo alikuwa ghali. Kwa hiyo mpasuaji ndiye aliyefanya kila kitu: alichanganya dawa, aliwatibu wenye homa, aliitwa usiku mama akishindwa kujifungua. Watu wa eneo lake hawakuwa na mwingine.

Kukiri umekwama ilikuwa hatari

Hapo ndipo penye mtihani. Mpasuaji wa mji mdogo aliishi kwa jina lake. Hakuwa na mshahara wa serikali. Familia moja tajiri ikiacha kumwita, na jirani zao wangefuata.

Sasa fikiria mgonjwa wake ni mke wa mwenye shamba kubwa. Ameshatolewa damu, amepewa dawa ya kutapika na dawa ya kuharisha, na bado hali inazidi kuwa mbaya. Mpasuaji akinyamaza na mgonjwa akafa, lawama ni zake. Akisema hajui, ameshusha heshima yake mwenyewe.

Barua kwa daktari maarufu ilikuwa njia ya katikati. Familia iliona kwamba hakuna kilichoachwa bila kujaribiwa. Jibu likikubaliana na matibabu yake, mpasuaji alipata cha kuonyesha. Na mgonjwa akifariki, angalau uamuzi haukuwa wa mtu mmoja.

Wakati mwingine hata hakuwa yeye aliyetaka kuandika. Mgonjwa au ndugu ndio waliodai maoni ya mkubwa wa Edinburgh, na mpasuaji akabaki kuandaa maelezo ya matibabu aliyoyatoa yeye mwenyewe, ili yakaguliwe na mwingine. Si jambo jepesi kwa mtu yeyote.

Barua ilikuwa na nini ndani?

Barua nzuri ya aina hiyo ilikuwa na mpangilio ambao daktari wa leo angeutambua mara moja.

Kwanza mgonjwa ni nani: umri, jinsia, umbo, kazi anayofanya, anakula na kunywa nini. Pili, ugonjwa ulianzaje na umeendaje. Tatu, hali ilivyo sasa: mapigo ya moyo, usingizi, choo, mkojo, ulimi, maumivu. Nne, dawa zilizotolewa na zilivyofanya kazi. Mwishoni swali: nifanye nini sasa?

Jibu nalo lilikuwa na sehemu zake. Daktari alisema anadhani ugonjwa ni upi, kisha akatoa maelekezo marefu kuhusu maisha ya kila siku: nyama kiasi gani, mvinyo uachwe au upunguzwe, mgonjwa apande farasi, avae nguo za joto, alale mapema. Dawa ziliandikwa kwa Kilatini ili anayezichanganya azielewe.

Kazi hiyo haikuwa ya bure. Ada ya daktari mkubwa ilihesabiwa kwa ginea, sarafu ya dhahabu yenye thamani ya shilingi 21 za Kiingereza. Kwa hiyo wengi walioandikiwa barua hizo walikuwa watu wenye uwezo. Maskini waliendelea na mpasuaji wao, mganga wa mitishamba au Mungu.

Unamtibuje mtu usiyemwona?

Kwa msomaji wa leo hili ndilo swali kubwa. Lakini katika zama hizo halikushangaza sana, na sababu ni rahisi: hata daktari aliyekaa kando ya kitanda hakuwa na vipimo vingi.

Kifaa cha kusikilizia kifua kilibuniwa mwaka 1816 na Mfaransa René Laennec. Eksirei ilikuja 1895. Wakati wa Cullen, daktari alishika mkono akahesabu mapigo, akatazama ulimi na mkojo, kisha akasikiliza maelezo. Maelezo ya mgonjwa ndiyo yalikuwa kipimo kikuu, na maelezo yanaweza kuandikwa.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea macho na mkono wa mpasuaji. Akisahau kuandika jambo moja, bingwa hakuwa na njia ya kulijua. Akiandika alichodhani badala ya alichokiona, dawa ingefuata dhana hiyo.

Farasi hakuwa na haraka ya mgonjwa

Tatizo jingine lilikuwa muda. Mwaka 1786 magari ya posta ya farasi yalipoanza kwenda kati ya London na Edinburgh, safari ilichukua takriban saa 60, na hayo yalionekana ni maendeleo makubwa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa polepole zaidi, na vijiji vilivyo mbali na barabara kuu vilisubiri zaidi ya hapo.

Homa kali haisubiri. Jibu linapofika, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Ndiyo maana ushauri wa barua ulifaa hasa kwa magonjwa ya muda mrefu: tumbo lisilotulia, kikohozi cha miezi, viungo kuuma, kupooza, huzuni isiyoisha. Kwa dharura mpasuaji alibaki peke yake, kama zamani.

Mashine ya kunakili ilivyookoa kumbukumbu

Daktari mwenye wagonjwa wengi wa barua ana hatari ya kusahau alimwambia nani nini. Akiandikiwa tena baada ya miezi mitatu, lazima ajue alishauri dawa gani mara ya kwanza.

Mwanzoni Cullen alitumia watu wa kunakili kwa mkono. Kisha mwaka 1780 James Watt, yuleyule anayejulikana kwa injini ya mvuke, alisajili mashine ya kunakili. Karatasi nyembamba yenye unyevu ilibanwa juu ya barua ambayo wino wake bado ni mbichi. Wino ukahamia, na kwa kuwa karatasi ni nyembamba, maandishi yakasomeka upande wa pili.

Cullen alianza kuitumia mwaka 1781, akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Bila mashine hiyo, mengi ya majibu yake yangeondoka na farasi yasirudi tena.

Je, ushauri wenyewe ulisaidia?

Jibu la kweli ni: mara nyingine ndiyo, mara nyingi haukusaidia, na mara nyingine ulidhuru.

Nafasi ya bakteria katika magonjwa ilikuwa bado haijajulikana. Kutoa damu kulimdhoofisha mtu ambaye tayari ni dhaifu. Zebaki ilikuwa sumu. Kwa upande mwingine, afyuni ilituliza maumivu kwelikweli, na magome ya mti wa sinkona yalitibu malaria kwa sababu yana kwinini, ingawa wakati huo hakuna aliyeijua kwinini yenyewe. Na maelekezo ya kula kwa kiasi, kutembea na kupunguza pombe hayajapitwa na wakati.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani haraka. Wapasuaji wengi wa vijijini walipita Edinburgh wakiwa vijana, wakahudhuria mihadhara kwa mwaka mmoja au miwili, kisha wakaondoka bila shahada kwa kukosa fedha au muda. Cullen alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufundisha tiba kwa Kiingereza badala ya Kilatini, jambo lililowafungulia mlango watu kama hao. Aliyemwandikia Cullen huenda alikuwa anamwandikia mwalimu wake wa zamani. Kila jibu lilikuwa somo jingine, na mgonjwa aliyefuata mwenye dalili zilezile alikutana na mpasuaji anayejua kidogo zaidi.

Mkubwa naye alijifunza

Elimu haikwenda upande mmoja tu. Mfano mzuri ni wa daktari mwingine, William Withering wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1775 aliombwa maoni kuhusu dawa ya asili iliyokuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire, ya kutibu mwili kuvimba kwa kujaa maji. Withering aligundua kwamba katika mchanganyiko ule wa majani, kinachofanya kazi ni mmea uitwao foxglove.

Aliujaribu kwa miaka 10. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1785 hakuweka wagonjwa wake peke yake. Aliweka pia barua za madaktari na wapasuaji wa miji mingine walioujaribu mmea huo, waliofanikiwa na walioshindwa. Taarifa za watu wa mbali zilisaidia kuonyesha dawa hiyo inafaa kwa nani na inaua kwa kipimo gani. Dawa ya moyo ya digoksini, inayotumika hadi leo, inatokana na jamii ya mmea huohuo.

Yaani mpasuaji wa kijijini hakuwa mtu wa kuuliza tu. Yeye ndiye aliyeona kilichotokea baada ya dawa kumezwa.

Cullen mwenyewe alitokea wapi?

Pengine ndiyo sababu Cullen alizijibu barua hizo kwa uvumilivu hadi uzeeni. Alizaliwa 1710 katika mji mdogo wa Hamilton, akajifunza kazi kwa mpasuaji wa Glasgow, akasafiri na meli hadi visiwa vya Karibi akiwa mpasuaji wa melini. Kisha alirudi kwao Hamilton akafungua kazi, akitibu yeyote aliyebisha hodi.

Shahada ya udaktari aliipata 1740, akiwa na umri wa miaka 30. Alifariki Februari 1790, akiwa ameacha uprofesa miezi michache tu nyuma.

Kwa hiyo alipofungua barua ya mpasuaji fulani wa mji wa mbali, akiandika usiku kwamba dawa zimeshindikana na familia inamtazama yeye, Cullen hakuhitaji kuelezwa hali hiyo ikoje. Alishawahi kuwa yeye ndiye anayetazamwa.