Waliingia Wangapi, Wamehitimu Wangapi?

Idadi ya vijana wanaojiunga na vyuo vya ufundi hutangazwa bila haya. Tunaisikia redioni kila Januari, na tena Mei na Septemba, milango ya vyuo inapofunguliwa kupokea wageni wapya. Tunaisikia katika hotuba za viongozi na kuiona katika mabango ya barabarani. Idadi ya waliomaliza haina msemaji. Imo ndani ya rejista za makarani, na mara nyingi rejista zenyewe hazikupangwa kwa namna ya kuitoa.

Juma hili tunawachukua wasomaji wetu hadi Migori na Homa Bay, kaunti mbili zinazopakana kando ya Ziwa Victoria. Si ugenini kama baadhi yetu wanavyodhani. Kendu Bay ina jamii ya Waislamu iliyokaa pale vizazi kwa vizazi. Huko kuna vyuo vya ufundi vya serikali kuu kama Mawego katika Homa Bay na Siala katika Migori, kuna matawi ya chuo cha mafunzo ya utabibu katika kaunti zote mbili, na chini yake kuna vyuo vya ufundi stadi vya kaunti, ambavyo wazee bado huviita politekniki za vijijini. Hivi vya mwisho Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa serikali za kaunti, na ndivyo vinavyopokea binti ambaye alama zake za shule hazikumfikisha mbali, au ambaye shule aliiacha kabla ya kuimaliza.

Swali la kumaliza masomo lina uzito wa pekee katika eneo hilo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19, asilimia 23 katika Homa Bay na asilimia 23 katika Migori walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 15. Utafiti kama huo wa 2014 uliikuta Homa Bay katika asilimia 33 na Migori katika 24. Homa Bay, basi, imeshuka kwa alama kumi katika miaka minane, na Migori kwa alama moja tu. Asije mtu akaona ni mambo ya bara: mwaka huo wa 2014 Tana River yetu ilikuwa na asilimia 28.

Kwa shule za msingi na sekondari, serikali iliruhusu tangu 1994 kwamba msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa jinsi ya kumpokea. Lakini mwongozo humfaa yule anayejulikana kwamba ameondoka. Chuoni, ambako mwanagenzi ni mtu mzima na hapana mwalimu wa kumpigia mzazi simu, binti huweza kutoweka katikati ya muhula na jina lake likabaki katika orodha hadi karatasi ikachakaa.

Tuchukue mfano wa hesabu, wala tusiseme ni wa chuo fulani. Wanagenzi 60 wanaingia kozi ya ushonaji mwezi wa Januari. Baada ya miaka miwili, 24 wanafanya mtihani na 22 wanafaulu. Chuo kitaandika kwamba waliofaulu ni asilimia 92, na hakitakuwa kimesema uongo. Lakini 22 kati ya 60 ni asilimia 37. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inamsifu mwalimu wa mtihani, ya pili inauliza habari za watu 36. Mzazi anayeuza mbuzi ili alipe karo anahitaji ile ya pili.

Marekani, ambako vyuo vya jamii ni vingi na vya bei nafuu, sheria ya 1990 ilivilazimisha vyuo kueleza hadharani ni wangapi kati ya walioingia wamemaliza, kwa kipimo cha mara moja na nusu ya muda wa kozi: kozi ya miaka miwili ilipewa mitatu. Lilikuwa jambo jema lenye tundu. Waliohesabiwa ni wale tu waliokuwa wanaingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kutwa. Mama anayesoma jioni baada ya kazi hakuwamo katika hesabu, wala aliyerudi baada ya kuacha miaka ya nyuma. Ilichukua miaka mingi kabla ya hesabu kupanuliwa ili iwaingize na hao. Funzo kwetu ni kwamba anayetengeneza rejista ndiye anayeamua nani ni mwanafunzi na nani si mwanafunzi, na mara nyingi wanawake ndio wanaoachwa nje ya mstari.

Turejee ziwani. Rejista ya mahudhurio ya chuo kilicho karibu na Mbita au Muhuru Bay, ikisomwa kwa jumla ya mwezi, itasema kwamba binti fulani huhudhuria nusu ya siku. Msomaji wa haraka atamwita mvivu. Lakini omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wengi hukaa pwani. Alfajiri za usiku wa giza ndipo wanawake wanaponunua, kubeba na kuanika. Sisi tunaohesabu siku zetu kwa mwandamo tungeliona jambo hilo upesi: ziweke siku alizokosa binti huyo kando ya tarehe za mwezi mwandamo, huenda ukakuta hakosi ovyo, anakosa kwa zamu, anamsaidia mama yake. Tatizo lake ni ratiba, na ratiba hubadilika akili ikitumika.

Magharibi mwa Migori kuna machimbo ya dhahabu ya Nyatike, na Macalder ilijulikana kwa madini tangu ukoloni. Huko wavulana ndio wanaotoweka, kwa sababu shimo hulipa leo na cheti hulipa baadaye. Awendo ni nchi ya miwa. Muwa wa mche mpya huchukua mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, ilhali karo hudaiwa kila muhula. Mtoto wa mkulima wa miwa anayerudishwa nyumbani kwa deni huenda asiwe maskini wa mali bali maskini wa wakati. Rejista inayoandika "hayupo" na kunyamaza inawaweka watu hawa wote katika kapu moja, pamoja na yule aliyejifungua. Rejista inayoandika sababu humwonyesha mkuu wa chuo pa kuanzia.

Je, kujua kunasaidia? Lipo jaribio moja ambalo twalipenda kwa unyenyekevu wake. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianza mwaka 2007 mpango kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii. Kila mwanafunzi alipewa mshauri wa kumwona mara kwa mara, nauli ya usafiri, msaada wa vitabu, na kufidiwa pengo la karo lililobaki. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine katika mpango na wengine nje yake. Baada ya miaka mitatu, waliomaliza ndani ya mpango walikuwa kama asilimia 40, na nje yake kama asilimia 22. Hapakuwa na mitambo ya ajabu. Palikuwa na mtu aliyejua jina la mwanafunzi, na nauli. Kwa Kehancha au Sindo, nauli hiyo ingekuwa ya bodaboda.

Hapa tuseme neno la tahadhari, hasa kwa kina mama wanaosoma. Kumfuatilia mwanafunzi si kumpeleleza. Habari kwamba binti ana mimba, au kwamba mumewe kamkataza kusoma, ni amana. Haipasi kusomwa mbele ya darasa wala kubandikwa ofisini ambapo kila apitaye anaiona. Chuo chenye busara humteua mkufunzi mmoja, ikiwezekana mwanamke, awe mwenye daftari hilo, na wengine waone namba tu. Tumesikia vyuo vikijisifu kwa mifumo ya kompyuta. Kompyuta ni njema, lakini haigongi mlango wa mtu kumuuliza kulikoni.

Katika Pwani yetu, neno chuo lilikuwa la chuo cha Kurani kabla halijawa la jengo lenye karakana. Mwalimu wa chuo hakuwauliza watoto wako darasa la ngapi. Alijua huyu yuko juzuu hii, yule yuko ile, na aliyelala na homa mwezi mzima alirudi akaanzia pale pale alipoachia. Hakuambiwa asubiri mwaka mpya. Neno kuhitimu lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya kufikisha mwisho na kutia muhuri, na muhuri ulitiwa kwa kila hatua.

Twalikumbusha hili kwa sababu vyuo vya ufundi vya Kenya vimeanza kurudi katika njia kama hiyo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013 iliunda baraza la kutunga mitaala na kutathmini umahiri, na katika mtaala huo mwanagenzi hupimwa kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake. Asiyefikia kiwango haandikiwi kwamba ameanguka. Huandikiwa kwamba bado hajawa mahiri. Neno hilo "bado" ni dogo, lakini linamwachia mlango wazi. Na katika miaka ya karibuni kozi zimeanza kugawanywa katika vipande vifupi, kila kipande na cheti chake, ili anayelazimika kutoka aondoke na kitu mkononi na siku akirudi asianze upya. Kwa binti wa Homa Bay anayejifungua katikati ya kozi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko msaada wowote wa karo, kwa maoni yetu. Lakini vipande havitamfaa ikiwa chuo hakikuandika alifikia kipi.

Basi mzazi afanye nini anapompeleka mtoto chuoni, kule au huku kwetu? Asiulize tu majengo ni mangapi. Amuulize mkuu wa chuo: kati ya walioingia kozi hii miaka miwili iliyopita, wangapi wamemaliza, wangapi wangali wanasoma, na wengine wako wapi? Binti akikosa wiki moja, nani atampigia nani simu? Akitoka katikati, ataondoka na cheti gani? Mkuu anayejibu "sijui, nipe siku tatu nitazame" si mbaya. Anayekasirika kwa kuulizwa, tungemtilia shaka.

Na kwa wale ambao jina lao limekwisha kupotea katika rejista, wanaoshona nyumbani au kusuka nywele barazani kwa ujuzi wa nusu kozi, ipo njia nyingine. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inayojulikana kwa kifupi kama NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja matatu, kuanzia daraja la 3 hadi la 1, na mtahiniwa hupimwa kwa kazi anayoifanya. Kituo chake kimoja kiko Kisumu, mwendo wa basi kutoka Homa Bay na Migori, na kingine kiko hapa Mombasa.