Mafunzo ya Saikolojia ya Michezo: Kwa Nini Kocha Anapaswa Kumjua Kila Mchezaji

Mchezaji akikosa penalti mbili mfululizo, makocha wengi husema, "Huyu hana moyo." Mara nyingi tatizo haliko moyoni. Huenda alifika uwanjani bila kula, alitembea mwendo mrefu kwa kukosa nauli, au wenzake wanamcheka kwa sababu ya lafudhi yake. Kuyatambua mambo haya ni sehemu ya saikolojia ya michezo, elimu ambayo kocha wa shule au wa timu ya mtaa anaweza kufunzwa.

Saikolojia ya michezo ni nini?

Ni elimu inayoeleza jinsi mawazo na hisia zinavyoathiri mwili wakati wa mchezo. Mbinu zake ni pamoja na kuweka malengo madogo ya kila wiki, kupumua polepole kabla ya mashindano, kuupitia mchezo akilini kabla ya kuucheza, na kujisemea maneno ya kujitia moyo. Hakuna kifaa cha bei ghali kinachohitajika.

Usawa unaingiaje?

Mbinu hizo zikifunzwa kana kwamba wachezaji wote wanafanana, baadhi yao huachwa nyuma. Msichana anayekosa mazoezi kila mwezi kwa kukosa sodo hatasaidika kwa kuambiwa atulize akili. Mchezaji kiziwi hasikii filimbi, ila ataiona bendera ikipeperushwa. Msichana Muislamu anayelazimishwa kuvua hijabu huenda asirudi tena, ilhali FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani tangu mwaka wa 2014.

Mfano wa karibu ni Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1995. Miaka mitano baadaye alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu ya Sydney, akikimbia na mwelekezi. Bidii ilikuwa yake, lakini bila wa kumwelekeza hangeweza kukimbia mbio hizo.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi kama vile jinsia, kabila, dini, ulemavu, lugha na hata mavazi. Jedwali la Nne la Katiba nalo linaweka shughuli na vifaa vya michezo miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo mkazi anapouliza kwa nini uwanja hauna njia ya kiti cha magurudumu au choo cha wasichana, anadai haki yake.

Usalama kwanza

Mnamo Oktoba 2021, mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kifo chake kilifungua mjadala kuhusu wanariadha wa kike wanaodhulumiwa na watu wa karibu nao. Kocha aliyefunzwa hujua kwamba mchezaji anayebadilika ghafla, anayejitenga, au anayekuja na majeraha yasiyoelezeka anahitaji kusikilizwa kwa faragha. Hapaswi kukemewa mbele ya wenzake.

Unachoweza kufanya

• Kocha: muulize kila mchezaji kinachomzuia kufika mazoezini. Usitumie matusi wala utani wa kikabila.
• Mzazi: hudhuria mazoezi, na ujue ni nani anayesafiri na mtoto wako.
• Mchezaji: una haki ya kukataa kuguswa au kutishwa, hata na anayekuchagua timuni.

Dhuluma dhidi ya mtoto inaweza kuripotiwa kwa kupiga simu 116, na dhuluma za kijinsia kwa 1195. Nambari zote mbili hazitozwi malipo.