Kansa: ya Ukoo au ya Virusi?

Kuna wanaosema kansa ni ya ukoo. Wengine eti inaletwa na virusi. Kumbe njia zote mbili zinaweza kufika mahali pamoja.

Ndani ya chembe za mwili wetu mna protini zinazofanya kazi ya askari. Moja inaitwa Rb: inazuia chembe isigawanyike ovyo. Nyingine ni p53: ikiona vinasaba vimeharibika, inasimamisha chembe mpaka itengenezwe, au inaiamuru ife.

Kirusi cha HPV kinapita kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili unakishinda wenyewe. Lakini kikikaa miaka mingi, hasa aina ya 16 na 18, kinatoa protini zake mbili: E7 inaikamata Rb, E6 inafanya p53 ivunjwe. Chembe inabaki bila mlinzi, na hapo kansa ya mlango wa kizazi inaweza kuanza.

Sasa njia ya kurithi. Mtoto anapata nakala mbili za jeni ya Rb, moja ya baba, moja ya mama. Akizaliwa na moja mbovu, imebaki moja tu. Hiyo nayo ikiharibika ndani ya jicho, kansa ya jicho inaota. Si laana, wala hakuna aliyemroga. Mkipiga picha ya mtoto mkaona mboni inang'aa nyeupe kama ya paka, au jicho limeanza kwenda upande, msingojee hata wiki. Ikigunduliwa mapema inatibika, na wadogo zake nao wachunguzwe.

Jeni hatuchagui, ila kirusi kinazuilika. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa chanjo ya HPV nchi nzima, ikaanza na wasichana wa darasa la sita. Zaidi ya 90% walimaliza dozi zote tatu za wakati ule. Yale maneno ya kwamba inafunga uzazi si kweli: ndani yake hamna kirusi hai, ni ganda lake tu.

Mama aliyefika miaka 30 aombe kupimwa mlango wa kizazi. Mwenye VVU aanze kwa 25. Na binti aliyekosa chanjo shuleni kwa sababu mlikuwa mnahama, mpelekeni kituo cha afya na kadi yake, mkaulize kama bado anaweza kuchanjwa.