Je, Wajua? Mshitakiwa wa Mauaji, Wakili Wake na Mlango Mwembamba wa Rufaa

Je, wajua kwamba mtu aliyetiwa hatiani Unguja kwa kuua kwa kukusudia ana ngazi moja tu ya mahakama iliyobaki juu yake? Kesi husikilizwa na Mahakama Kuu ya Zanzibar, na rufaa huenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chombo cha Muungano, mbele ya majaji watatu. Mahakama hiyo ilianza kazi mwaka 1979. Kabla yake ilikuwapo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977.

Je, wajua kwamba Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 99, inaifungia Mahakama ya Rufani baadhi ya mambo? Haigusi tafsiri ya Katiba ya Zanzibar wala mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi. Mauaji hayamo katika makatazo hayo.

Je, wajua kwamba kuna wakati rufaa kutoka Zanzibar zilivuka bahari? Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyehukumiwa na mahakama ya balozi wa Uingereza hapa mjini alikata rufaa Bombay, India. Kanuni ya adhabu yenyewe ilikuwa ya India.

Je, wajua kwamba jengo la Mahakama Kuu pale Vuga, mkabala na Bustani ya Victoria, lilichorwa na John Sinclair, Mwingereza ambaye baadaye alikuja kuwa Mkaazi Mkuu wa Uingereza Zanzibar? Lilikamilika mwaka 1908. Leo Mahakama Kuu ina jengo jipya Tunguu, Mkoa wa Kusini.

Sasa tuingie kwenye kiini. Je, wajua kwamba hakuna kifungu kinachosema waziwazi, "hukumu itatenguliwa ikiwa wakili wa mshitakiwa alizembea"? Malalamiko hayo huingia kwa mlango wa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, iliyomo katika ibara ya 12(6) ya Katiba ya Zanzibar na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Muungano. Mrufani husema hivi: nilikuwa na wakili, lakini kwa namna alivyofanya kazi, mimi sikusikilizwa. Ni hoja nzito kuisema na ngumu kuithibitisha, kwa sababu majaji wa rufaa hawakuwapo siku ya kesi. Wao wanasoma mwenendo wa shauri. Wakili aliyekuja bila kusoma jalada haandikwi humo kuwa hakusoma jalada. Kinachoandikwa ni "sina swali, mheshimiwa."

Na maneno hayo matatu yana gharama kubwa kuliko wengi wanavyojua. Mahakama ya Rufani imeshikilia, hukumu baada ya hukumu, kwamba shahidi akisema jambo muhimu na upande wa pili usimdodose juu ya jambo hilo, basi upande huo unahesabiwa umelikubali. Mshitakiwa amekaa kizimbani. Shahidi anasema alimwona usiku kwa mwanga wa taa. Mshitakiwa anajua taa hiyo haikuwapo. Wakili ananyamaza. Kwenye rufaa, ukimya ule wa wakili unasomwa kama ukimya wa mteja wake. Kwangu mimi, hapa ndipo sheria yetu ingefaa itazamwe upya: mtu ambaye hakumchagua wakili wake, na hana fedha za kumbadilisha, abebeshwe vipi mzigo wa swali ambalo shahidi hakuulizwa?

Je, wajua kwamba hali ni hiyo hiyo kwa maelezo ya onyo, yale maelezo ya kukiri yanayoandikwa kituoni? Ikiwa mshitakiwa aliteswa au alidanganywa ndipo akakiri, wakati wa kupinga ni pale upande wa mashtaka unapoomba maelezo yapokelewe. Hapo jaji husimamisha kila kitu na kuendesha kesi ndani ya kesi, kujua kama mtu alikiri kwa hiari. Wakili akisema "hatuna pingamizi", maelezo yanaingia. Kulalamika kwenye rufaa kwamba ulipigwa kutaitwa wazo la baadaye.

Lakini si milango yote imefungwa, na mrufani mwenye wakili mzuri wa rufaa huitafuta iliyo wazi kabla ya kugonga ule mwembamba. Je, wajua kwamba tangu hukumu ya Pandya ya mwaka 1957, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe? Kwa mrufani wa mauaji huu ni msaada mkubwa. Hata wakili wake akiwa amelala, majaji wanatakiwa kuwa macho.

Je, wajua kwamba katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa? Umbali, mwanga, muda ambao shahidi alimwona mtu, na kama walifahamiana kabla, yote hupimwa. Hoja hiyo inaweza kujengwa kwenye rufaa hata kama haikuguswa chini.

Na je, wajua shauri la Robinson Mwanjisi? Mwaka 2003 Mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba hati inayotaka kuwa kielelezo ipokelewe kwanza, ndipo isomwe kwa sauti mshitakiwa aisikie. Tangu hapo, ripoti za uchunguzi wa maiti, ramani za tukio na maelezo ya onyo yasiyosomwa yamekuwa yakiondolewa kwenye ushahidi. Kosa la aina hii wakili wa kwanza alipaswa kuliona. Hakuliona, lakini limebaki kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayopanda kwenda rufani.

Je, wajua kwamba Wamarekani waliweka kipimo cha uzembe wa wakili tarehe 14 Mei 1984, katika shauri la Strickland dhidi ya Washington? Mrufani athibitishe mambo mawili: kwamba wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba kuna uwezekano wa maana kuwa matokeo yangekuwa mengine kama angeifanya vizuri. Mwenye shauri hilo alishindwa kipimo chake mwenyewe, akatekelezewa adhabu ya kifo miezi miwili baadaye.

Je, wajua kwamba Texas kuna mtu aliyehukumiwa kifo huku wakili wake akisinzia mara kwa mara mahakamani? Ilichukua mpaka mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho kusema kwamba wakili aliyelala ni sawa na wakili asiyekuwapo.

Uingereza hutazama zaidi matokeo kuliko tabia ya wakili: je, baada ya yote, hukumu hii ni salama? Na katika Baraza la Faragha, London, mwaka 2001, ilisikilizwa rufaa ya mauaji kutoka Trinidad na Tobago ambayo kila mwanafunzi wa sheria angefaa kuisoma. Wakili wa utetezi aliendesha kesi bila kujua kwamba ilikuwa inarudiwa, yaani kulikuwa na kesi ya kwanza, yenye kumbukumbu na ushahidi ambao hakuuomba wala kuusoma. Majaji hawakuuliza hata kama matokeo yangebadilika. Walisema mshitakiwa hakupata haki ya kusikilizwa hata kidogo, na hukumu ikatenguliwa.

Je, wajua kwamba ukimshitaki wakili wako kwa majaji, siri kati yenu inafunguka? Uingereza, na Afrika Kusini katika shauri la Tandwa la mwaka 2007, mrufani anayesema wakili alimharibia anahesabiwa ameachia usiri katika jambo hilo, na wakili hupewa nafasi ya kujibu. Ni haki. Mtu asiharibiwe jina bila kusikilizwa, hata akiwa wakili.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliwahi kuishi miaka kumi na tano bila wakili mahakamani? Kwa Dikrii ya mwaka 1969 ziliundwa Mahakama za Wananchi, zikaanza kazi 1970. Mahakimu wake hawakuhitaji elimu ya sheria, na mawakili hawakuruhusiwa. Rufaa ya mwisho iliishia kwa watu wa Baraza la Mapinduzi. Baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa 81 walifikishwa katika kesi ya uhaini. 18 kati yao hawakuwapo, kwa kuwa walishikiliwa Bara na Mwalimu Nyerere hakuwaleta. Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, aliongoza mashtaka. Upande wa utetezi hapakuwa na wakili hata mmoja, katika kesi ambayo adhabu yake ni kifo. Mmoja wa hao wa Bara, Abdulrahman Babu, alihukumiwa kifo bila kukanyaga mahakamani, kisha akaachiwa Bara mwaka 1978. Mawakili walirudi rasmi kwa sheria za mwaka 1985, ikiwamo Sheria ya Mahakama Kuu Namba 2 ya mwaka huo.

Kwa hiyo mzee wa Mji Mkongwe anaposema wakili ni neema, ana ushahidi. Kizazi kizima kiliona kesi zikienda bila yeye.

Je, wajua wakili aliyejiandaa anaweza kufanya nini? Tazama shauri la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Wanachama hao wa chama cha CUF walikaa ndani miaka karibu mitatu kwa tuhuma za uhaini, kosa la kunyongwa. Mwezi Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, si Zanzibar. Siasa ya hoja hiyo inabishaniwa barazani mpaka leo, na mimi siiingii. Ninachotaka uone ni kwamba shtaka la kunyongwa lilivunjwa na hoja ya sheria, na hoja ya sheria huibuliwa na mtu aliyeisoma.

Je, wajua kwamba sheria ya msaada wa kisheria ya Bara ya mwaka 1969 ilimwekea wakili aliyepangiwa mshitakiwa ujira usiozidi shilingi 500 kwa kesi? Shilingi ikaanguka, maneno ya sheria yakabaki pale pale kwa miongo. Malipo duni hayamfanyi wakili kuwa mzembe, ila yanamfanya aje na jalada alilolifungua asubuhi ile. Bara ilipata sheria mpya mwaka 2017 na Zanzibar ikapata yake, Sheria ya Msaada wa Kisheria, mwaka 2018. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa imeshikwa kwa sehemu kubwa na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992 kwa juhudi za Profesa Haroub Othman.

Je, wajua kwamba magereza ya Zanzibar huitwa Vyuo vya Mafunzo, na waliofungwa humo huitwa wanafunzi? Kile cha Kilimani wazee bado hukiita Kiinua Miguu. Kanuni za Mahakama ya Rufani zinamruhusu aliye ndani kukabidhi notisi yake ya rufaa kwa mkuu wa gereza, naye akahesabiwa ameiwasilisha. Na kwa kanuni ya 31, Jaji Mkuu au jaji anayeongoza kikao anaweza kuagiza mrufani apangiwe wakili haki ikihitaji hivyo.

Je, wajua kwamba uzembe wa wakili haumo katika orodha ya sababu za kuomba mapitio? Mahakama ya Rufani ikishaamua, kanuni ya 66 inaruhusu mapitio kwa sababu chache tu, kama kosa la wazi usoni mwa kumbukumbu, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu iliyopatikana kwa hadaa. Muda ni siku 60, na mapitio hayarudiwi.

Je, wajua kwamba juu ya yote haya kulikuwa na Arusha? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Alex Thomas la Novemba 2015, iliikuta Tanzania na kosa kwa kutompa msaada wa wakili mtu aliyekuwa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Rais wa mahakama hiyo wakati huo alikuwa Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar kisha wa Tanzania. Shauri lenyewe hakulisikiliza, kwa sababu jaji wa pale hakai katika kesi ya nchi yake.

Kuhusu wakili aliyepo lakini hafai, Arusha ilikuwa na tahadhari. Katika shauri la Evodius Rutechura, mwaka 2021, ilifuata njia iliyokwisha kufuatwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu: ubora wa utetezi ni jambo kati ya mteja na wakili wake, na dola huingia lawamani pale tu udhaifu ulipokuwa dhahiri au mamlaka zilipoambiwa zikanyamaza. Kwa mshitakiwa, tafsiri yake ni moja: aseme mapema. Asimame kizimbani, amwambie jaji kwamba wakili huyu sijawahi kuonana naye kabla ya leo, na aombe maneno hayo yaandikwe.

Mlango wa Arusha kwa mtu binafsi ulifungwa pale Tanzania ilipoondoa tamko lake la kuuruhusu: barua ilikabidhiwa Novemba 2019, ikaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Wiki moja baada ya barua ile, katika shauri la Ally Rajabu, majaji wa Arusha walisema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Uganda ilifika hapo mwaka 2009 kwa shauri la Susan Kigula, ambaye alisomea sheria gerezani na akatoka Januari 2016. Kenya ikafuata Desemba 2017 kwa shauri la Muruatetu. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994.

Na je, wajua muda wa kutoa notisi ya rufaa ya jinai Mahakama ya Rufani? Ni siku 30. Zinahesabiwa tangu siku hukumu iliposomwa, si tangu siku nakala yake ilipokufikia, na familia inayosubiri nakala kwanza inaweza kuzimaliza zote ikiwa bado kwenye foleni ya karani.