Uso Naujua, Lakini Nilimwona Wapi?

Leo tutazungumza juu ya ubongo, na jinsi unavyotunza habari za mambo yaliyotupata.

Bila shaka na wewe yamekupata haya. Umepanda basi, unamwona mtu, unasema moyoni, "Huyu namjua." Lakini ulimwona wapi? Hukumbuki. Unamwamkia tu, unaketi. Siku ya pili ndipo unapokumbuka: kumbe ni yule bwana wa bucha! Umezoea kumwona amevaa koti jeupe lenye damu, kisu mkononi; jana alivaa kanzu safi na kofia. Mimi mwenyewe nimepata kuzungumza robo saa na mtu wa namna hiyo, nikamwuliza hata habari za watoto, wala sikujua ni nani.

Mbona hivi? Ubongo hauweki jambo zima mahali pamoja. Uso una sehemu yake, na mahali pana sehemu yake nyingine. Ndani ya kichwa, karibu na usawa wa masikio, kuume na kushoto, kuna kipande kidogo kilichopinda. Wataalamu hukiita hipokampasi. Kazi yake ni kufunga pamoja uso, mahali na wakati, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni. Kamba ikilegea, uso hubaki peke yake, bila mahali pake.

Tena iko sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo ipimayo: je, uliliona mwenyewe, au uliambiwa? Uzeeni sehemu hii hupungua nguvu. Kwa hiyo mzee aweza kusimulia habari sawasawa kabisa, asikumbuke aliyempa.

Sasa sikiliza jambo lililotokea Australia miaka ya 1970. Mwanamke mmoja alishambuliwa nyumbani kwake. Baadaye aliwaambia polisi kwamba mshambuliaji ni Donald Thomson, mtaalamu wa saikolojia. Thomson akakamatwa. Kumbe saa ile ile alikuwa katika studio ya televisheni, akizungumza mbele ya watu! Na yule mwanamke alikuwa akitazama kipindi hicho kabla ya kushambuliwa. Hakusema uwongo. Uso aliuona kweli, lakini ubongo wake uliufunga pamoja na jambo lisilo lake. Thomson aliachiliwa. Je, kama angalikuwa nyumbani peke yake wakati ule, nani angalimsadiki?

Basi ukiitwa kutoa ushahidi, usianze na uso. Anza na mahali. Rudi huko kwa mawazo: mlango ulikuwa upande gani, taa iliwaka au haikuwaka, ulisikia sauti gani. Mara nyingi mahali pakirudi, na mengine hufuata. Kama hayafuati, sema, "Sikumbuki." Baraza halitakucheka.

Kazi ya darasa: kila mmoja ataje habari moja aliyoipata juma hili. Kisha mwenzake amwulize: uliisikia wapi, kwa nani, na saa ngapi?