Siri Iliyo Benchi la Nyuma

Juma hili nawaomba twende pamoja mpaka jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, tuingie kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kanisa lenyewe ni la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunalijua kuwa ni la Wamormoni. Lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, na makao yake makuu yapo Salt Lake City, huko huko Utah. Hapa Afrika Mashariki si geni tena, kwani nchini Kenya lilitambuliwa rasmi mwaka 1991.

Jumapili hiyo ni siku ya kufunga. Hakuna mhubiri aliyepangwa. Muumini yeyote anayeguswa husimama mbele ya wenzake na kutoa ushuhuda, na neno linalosikika tena na tena ni moja: "najua". Najua kanisa hili ni la kweli. Najua Joseph Smith alikuwa nabii. Hata mtoto mdogo hupandishwa mimbarini, mzazi akimnong'oneza sikioni, naye akatamka: najua.

Sasa mfikirie mtu aliyeketi benchi la nyuma, ambaye moyoni mwake hana hakika. Pengine amesoma maelezo ambayo kanisa lenyewe liliyatoa mwaka 2014, kwamba Joseph Smith alioa wake wengi, wanaokadiriwa kuwa kati ya 30 na 40. Pengine linalomsumbua ni kwamba mpaka Juni 1978 mwanamume mwenye asili ya Afrika alinyimwa ukuhani, ambao mvulana wa kizungu alipewa akiwa na miaka 12. Anatazama kulia na kushoto, anaona nyuso tulivu, kisha anajiambia: "Ni mimi peke yangu." Asilolijua ni kwamba mwenzake wa benchi la tatu naye amemtazama yeye, akaona uso mtulivu, akajiambia maneno hayo hayo.

Mtaniuliza, kwa nini wasiambiane? Sababu zipo, wala si woga mtupu.

Kwanza, Mmormoni hachagui mahali pa kusali. Hupangiwa kusanyiko kulingana na anapoishi, na kusanyiko hilo kwa Kiswahili wao huliita kata. Kwa hiyo anayesali naye ndiye jirani anayemwazima chumvi, na watoto wao wanacheza pamoja. Askofu wa kata naye halipwi mshahara wa kanisa. Ni mwalimu, daktari au mfanyabiashara wa mtaa huo huo. Neno likitoka mdomoni Jumapili, Jumatatu limeshafika dukani.

Pili, kuna kibali cha kuingia hekaluni. Ili kukipata, muumini huhojiwa na askofu, kisha na kiongozi aliye juu yake, na imani yake ni mojawapo ya mambo anayoulizwa. Asiye na kibali haingii hekaluni, hata siku mwanawe anapofungishwa ndoa humo. Zamani, wachumba wa Marekani waliotaka kuoana kwanza nje ya hekalu, ili wazazi wa aina hiyo washuhudie, iliwabidi wangoje mwaka mzima kabla ya kuifungisha ndoa yao hekaluni. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2019. Kabla ya hapo, mama aliyesema kweli mbele ya askofu aliweza kujikuta ameketi nje, akingoja bintiye atoke akiwa tayari mke wa mtu. Hiyo ndiyo bei ya kusema "sina hakika". Wengi hawakuwa tayari kuilipa, na nani atawalaumu?

Hata hivyo, wenye shaka hutambuana. Mmoja anaposimama kushuhudia, badala ya "najua" husema "naamini", au "natumaini". Wengi hawaoni tofauti, lakini mwenye sikio husikia. Mwingine huuliza swali katika darasa la Jumapili, na baadaye mtu humfuata nje penye magari na kumwambia: "Swali lako lilikuwa zuri." Haongezi neno. Au mgeni hukaribishwa sebuleni, akaona mezani jarida la Dialogue, lililoanzishwa mwaka 1966, au Sunstone, lililoanzishwa mwaka 1974. Yote mawili yalianzishwa na Wamormoni waliotaka kujadili imani yao bila kuficha kitu. Hapo mazungumzo huanza, taratibu, kila mmoja akipima kina cha maji kwa mguu mmoja.

Je, wakigunduliwa huwaje? Historia ina majibu mawili. Sterling McMurrin alikuwa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Utah, na hakuficha kwamba hakuyakubali mafundisho mengi ya kanisa lake. Mwaka 1954, ilipovuma kwamba huenda akafukuzwa, Rais wa kanisa David O. McKay alimwambia kuwa wakimshitaki, yeye McKay ndiye atakuwa shahidi wa kwanza wa kumtetea. McMurrin hakufukuzwa.

Jibu la pili ni la Septemba 1993. Katika mwezi huo mmoja waandishi na wasomi sita waliadhibiwa, watano kati yao wakitengwa kabisa. Mmojawapo wa hao watano alikuwa mama mmoja, Lavina Fielding Anderson, aliyekuwa ameandika jinsi viongozi walivyogongana na wasomi. Baada ya kutengwa alifanya nini? Alirudi katika kata yake ile ile. Kwa miaka mingi aliendelea kuhudhuria ibada bila kuruhusiwa kushiriki sakramenti. Alifariki mwaka 2023, akiwa bado hajarudishwa.

Kwa maoni yangu, wasikilizaji, si shaka peke yake inayomtoa mtu kanisani. Upweke pia humtoa. Mwenye shaka aliyempata mwenzake mmoja wa kuzungumza naye huenda akabaki benchini miaka mingi, akifundisha watoto na kuwatembelea wagonjwa. Asiyempata huondoka kimya kimya, na kata hubaki ikijiuliza amekosewa nini.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Walikuwa na maana ya kata ya kuchotea maji. Kata ya kanisa haiwezi kuijua siri hiyo mpaka mtungi uwe na hakika kwamba hautavunjwa. Na nyinyi mnaonisikiliza, mwenzenu akiwanong'oneza shaka yake, iwe ya dini, ya chama au ya kazi, msikimbilie kumjibu wala kumtangaza. Amewapa kitu cha thamani. Kitunzeni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.