Je, Wajua? Tembo Huikimbia Ndege Nyuki

Kile kidude chenye mapanga manne kinachovuma juu ya maharusi wa Arusha, Watanzania wamekiita ndege nyuki, na jina limekaa. Tembo nao ni kama wamelikubali! Mwaka 2015, askari wa wanyamapori kandokando ya hifadhi za Tarangire, Manyara na Serengeti walianza kukitumia kufukuza tembo mashambani. Tembo wakisikia ule mvumo, huenda kwa kudhani ni kundi la nyuki, hutandaza masikio, wakageuka na kurudi porini. Mahindi yanapona bila risasi wala baruti.

Ila usikirushe ovyo. Kibali hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Sababu ipo: pale Kisongo, Arusha, kuna uwanja wa ndege, na vindege vya watalii hupaa na kutua mchana kutwa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha; huko unahitaji pia ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Kwa hiyo kabla hujafika lango la hifadhi la Momella na ndege nyuki mkobani, uwe na karatasi mkononi.